Presha Nzuri, Neva Inakufa

Kwenye kambi za kupima macho, meza ya presha haikosi foleni. Mtu anakaa, anaegemeza kidevu kwenye kifaa, jicho linaguswa au linapulizwa hewa, na namba inaandikwa kwenye kadi: kulia 16, kushoto 17. "Presha yako nzuri, mama. Huna shida." Kadi inakunjwa, inaingia kwenye pochi, na mwenyewe anarudi nyumbani akijua kwamba glakoma haimhusu.

Kauli hiyo hutolewa kwa nia njema, lakini ni ya hatari. Nyuma yake kuna imani iliyoenea: glakoma ni presha ya jicho iliyopanda, na hakuna zaidi. Ikivuka 21 unaumwa, ikiwa chini ya hapo u mzima, ikishushwa kwa dawa umepona. Wagonjwa wanaiamini, ndugu zao wanaiamini, na wapo hata wahudumu wanaoifuata kazini ingawa darasani walifundishwa vingine. Hoja yangu ni kwamba imani hii haina miguu ya kusimamia. Glakoma ni ugonjwa wa neva ya jicho, ile inayopeleka picha kutoka kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho, hadi kwenye ubongo. Presha ni mojawapo ya mambo yanayoiumiza neva hiyo, na pengine ndilo kubwa kuliko yote, lakini si la pekee. Isitoshe, presha yenyewe haipandi bila kupandishwa. Anayetaka uthibitisho asiishie kwenye kadi. Aangalie pia kemikali zilizomo kwenye maji ya ndani ya jicho.

Tuanze na hiyo 21 inayoogopwa. Mwaka 1958 Leydhecker na wenzake nchini Ujerumani walichapisha vipimo vya presha vya watu wapatao 10,000 waliohesabiwa kuwa na macho mazima. Wastani ulikuwa karibu milimita 16 za zebaki. Ukijumlisha juu yake mtawanyiko wa kawaida mara mbili, kama wafanyavyo wanatakwimu, unafika karibu 21. Ndivyo mpaka ulivyopatikana. Ni mstari unaosema kwamba watu wengi wako chini ya hapa. Hausemi kwamba neva hufa kwenye 22 na kusalimika kwenye 20, wala haukuchorwa kwa kazi hiyo.

Walipokuja wengine kuhesabu wagonjwa, mstari ule ulianza kuvuja. Katika uchunguzi wa Baltimore, Marekani, uliochapishwa mwaka 1991, takriban nusu ya waliokutwa na glakoma walikuwa na presha ya kawaida siku ya kupimwa. Kule Tajimi, Japani, mwaka 2004, hali ilikuwa ya kushangaza zaidi: katika kila watu 100 wenye glakoma ya pembe wazi, 92 hawakuvuka 21. Upande wa pili nao unasema vilevile. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotoa matokeo mwaka 2002 ulifuatilia watu 1,636 wenye presha ya juu lakini neva nzima. Nusu yao hawakupewa dawa. Baada ya miaka mitano, waliopata glakoma katika kundi hilo lisilotibiwa walikuwa asilimia 9.5. Yaani wengine, zaidi ya tisa katika kila kumi, walikaa na presha yao ya juu miaka mitano bila kuugua. Sasa nambie: kipimo kinachowaacha wagonjwa wengi wapite na kuwatisha wengi wasio wagonjwa, kitaitwaje kipimo cha ugonjwa huo?

Na hata hiyo namba yenyewe husomwa kwa mashaka. Kifaa hupima nguvu inayohitajika kubonyeza konea, kile kioo cha mbele cha jicho. Konea nyembamba hubonyea kirahisi, na presha husomeka chini kuliko ilivyo. Watu wenye asili ya Afrika, kwa wastani, wana konea nyembamba kuliko Wazungu. Ongeza kwamba presha hupanda na kushuka ndani ya siku moja, na aliyepimwa saa nne asubuhi hajapimwa alfajiri. Hapa kwetu jambo hili si dogo. Uchunguzi uliofanywa Kongwa, Dodoma, na kuchapishwa mwaka 2000, ulihusisha watu zaidi ya 3,000 wenye umri wa miaka 40 na kuendelea. Waliokutwa na glakoma walikuwa zaidi ya asilimia 4, wengi wao wakiwa na ile ya pembe wazi, ambayo huja bila maumivu na bila wekundu, ikila uwezo wa kuona kuanzia pembeni.

Wanaotetea presha wana jibu, na ni jibu zito. Wanasema: kama presha si kiini, mbona kila tiba iliyothibitishwa huishusha, na mbona inasaidia? Ni kweli inasaidia, na mtu yeyote asisome makala hii akaacha dawa yake. Katika ule utafiti wa watu 1,636, waliopewa matone walipata glakoma kwa asilimia 4.4 badala ya 9.5. Hata wenye glakoma ya presha ya kawaida walinufaika: mwaka 1998 ilionyeshwa kwamba ukiwashushia presha kwa asilimia 30, macho yanayozidi kuharibika hupungua kutoka asilimia 35 hadi 12.

Lakini angalieni mlichokithibitisha. Mmethibitisha kwamba kupunguza mzigo humsaidia aliyeelemewa. Hamjathibitisha kwamba mzigo ndio maradhi. Mvua moja hunyesha kijiji kizima, nyumba moja ikaanguka na ya jirani ikasimama, na anayetaka kujua sababu hupekua kuta na msingi, hakai kupima mvua peke yake. Utafiti wa Sweden wa mwaka 2002, uliowafuata wagonjwa 255 waliogundulika mapema, uliliweka wazi jambo hili. Kati ya wasiotibiwa, asilimia 62 walizidi kuharibika. Kati ya waliotibiwa, asilimia 45 walizidi kuharibika. Tofauti ni kubwa na ya kushukuriwa, lakini hao 45 katika kila 100 walishushiwa presha na neva zao zikaendelea kufa. Imani ya presha haina la kuwaambia isipokuwa "tushushe tena." Wakati mwingine ni ushauri sahihi. Kama maelezo ya ugonjwa, hautoshi.

Hapo ndipo yanapoingia maji ya jicho. Sizungumzii machozi. Nyuma ya konea kuna chumba kidogo kilichojaa maji maangavu, kama robo ya mililita. Maji hayo hutengenezwa na tishu iliyo nyuma ya mboni, huzilisha lenzi na konea ambazo hazina mishipa yake ya damu, kisha hutoka kupitia chujio lililo kwenye pembe ya jicho, mahali mboni inapokutana na konea. Yote hubadilishwa kila baada ya dakika mia hivi. Yakitengenezwa kwa kasi ileile huku chujio likigoma kuyapitisha, presha hupanda. Si maji matupu: yana vitamini C mara nyingi zaidi ya iliyomo kwenye damu, yana protini chache sana, na yana kemikali za kutumiana habari kati ya seli na seli.

Namna ya kuyapata inafaa kueleweka, maana baadaye italeta ubishi. Mgonjwa amelala kwenye meza ya upasuaji, jicho limetiwa ganzi na kusafishwa, kope zimeshikwa wazi kwa waya mwembamba. Kabla hajafungua jicho, daktari anapenyeza sindano nyembamba ukingoni mwa konea, sambamba na mboni ili asiguse lenzi, na kuvuta kama sehemu moja ya kumi ya mililita. Chumba kinapungua kina kidogo mbele ya macho yake chini ya hadubini. Tone lile linaingia kwenye kichupa na kichupa kinakwenda kwenye friji la nyuzi 80 chini ya sifuri. Upasuaji unaendelea kama kawaida.

Nini kimeonekana humo? Mwaka 1994 Tripathi na wenzake wa Marekani waliripoti kwamba maji ya macho yenye glakoma ya pembe wazi yana protini iitwayo TGF-beta 2 kwa wingi kuliko macho mengine, na maabara nyingine zimeona hivyo tangu hapo. Kazi ya protini hiyo ni kuziambia seli zijenge nyuzi, kama zijengazo kovu. Kwenye chujio, nyuzi hizo hurundikana, chujio likakakamaa, maji yakakosa njia. Hapa wapinzani husema: labda protini imezidi kwa sababu ya presha, wala si presha iliyoletwa na protini. Swali hilo limeulizwa na kujibiwa. Mwaka 2006 watafiti walichukua macho yaliyotolewa na watu waliofariki, wakayaweka hai maabara kwa kuyapitishia majimaji, kisha wakaongeza TGF-beta 2. Presha ikapanda. Mwaka 2010 wengine waliingiza jeni lake kwenye macho ya panya wazima. Presha ikapanda tena na maji yakatoka kwa shida. Kwa hiyo presha ile inayoandikwa kwenye kadi si mwanzo wa hadithi. Kabla yake kuna kazi ya kemia iliyofanyika kimyakimya, pengine kwa miaka.

Kemikali ya pili inagusa neva moja kwa moja. Endothelini-1 hubana mishipa ya damu. Mwaka 1997 iliripotiwa kuwa nyingi kwenye maji ya macho yenye glakoma. Halafu likaja jaribio ambalo kila mtetezi wa presha anapaswa kulijibu: nyani walimiminiwa endothelini-1 polepole karibu na neva ya jicho kwa muda mrefu. Neva ilipoteza nyuzi zake. Presha haikupanda. Kama glakoma ni presha tu, neva ile iliuawa na nini?

Ya tatu ni hali ya kinga ya maji hayo yenyewe. Watafiti wa Buenos Aires, mwaka 2004, waliona kwamba maji ya macho ya wagonjwa wa glakoma yamepungukiwa sana na uwezo wa kuzuia madhara ya oksijeni, huku vimeng'enya vya kupambana na madhara hayo vikiwa juu, kama mwili uliokwisha kushtuka. Ya nne ni GDF15, protini ambayo seli za retina huitoa zinapoumia. Mwaka 2017 watafiti wa St. Louis, Marekani, waliikuta kwa wingi zaidi kwenye maji ya macho ya wenye glakoma, na kadiri mgonjwa alivyopoteza uwezo wa kuona ndivyo ilivyozidi. Ona tofauti: presha inakwambia uzito ulioko juu ya neva, ilhali GDF15 inahusu majeraha ya neva yenyewe. Tangu lini tukaridhika kujua la kwanza na kupuuza la pili?

Sasa wapinzani wenye akili zaidi wataacha kuitetea presha na kuishambulia kemia, nami siwalaumu. Watasema: maji haya hutolewa kwa wagonjwa waliofika hadi kupasuliwa, waliokwisha kutumia matone miaka mingi. Matone hayo hubadili kemia ya jicho. Dawa za kundi la latanoprost, kwa mfano, huchochea vimeng'enya vinavyokata nyuzi kwenye chujio. Na wale wanaolinganishwa nao ni wagonjwa wa mtoto wa jicho, kwa sababu hakuna mwenye jicho zima atakayekubali kuchomwa sindano bure. Kwa hiyo unalinganisha ugonjwa na ugonjwa. Yote hayo ni kweli.

Watakumbusha pia aibu ya glutamati. Mwaka 1996 ilichapishwa kwamba ute ulio nyuma ya lenzi kwa wagonjwa wa glakoma una glutamati nyingi, kemikali ambayo ikizidi huua seli za neva. Habari ikasisimua dunia. Dawa ya kuzuia sumu yake ilikuwepo tayari, memantini, inayotumiwa kwa wagonjwa wa Alzheimer. Majaribio mawili makubwa yakaanzishwa, yakachukua wagonjwa zaidi ya 2,000 na kuwafuata kwa miaka minne. Wakati huohuo maabara nyingine zilipima ute uleule na hazikuiona glutamati iliyozidi. Memantini nayo haikuokoa neva, kama taarifa kamili ya mwaka 2018 ilivyothibitisha.

Ni funzo chungu, na ni funzo sahihi: kipimo kimoja cha kemikali, kutoka maabara moja, si msingi wa kujengea tiba. Lakini tazameni lilikokwenda kosa hilo. Lilisahihishwa na vipimo vya kemia vilivyo bora zaidi, vilivyofanywa na watu wale wale mnaowatilia shaka. Halikusahihishwa na tonometa, kile kifaa cha kupimia presha. Na kuanguka kwa glutamati hakurudishi uhai kwa imani ya presha, kama ambavyo mshtakiwa mmoja akiachiwa huru haimaanishi kwamba uhalifu haukutendeka. Nyani wa endothelini bado neva zao zimekufa. Wagonjwa wa Sweden bado 45 katika kila 100 waliharibika.

Tena kuna mahali ambapo kemia ya jicho imekwisha kushinda, na hapo ni kwa wagonjwa wa kisukari. Kisukari kikiharibu retina, retina iliyokosa oksijeni hutoa kemikali iitwayo VEGF kuomba mishipa mipya ya damu. Mwaka 1994 watafiti wa Boston walipima sampuli 210 za majimaji ya macho kutoka kwa wagonjwa 164 na kukuta VEGF ikiwa juu kwa wale ambao mishipa mipya ilikuwa ikiota. Mishipa hiyo ikitambaa juu ya mboni na kuziba pembe ya jicho, presha hupaa, maumivu huwa makali, na jicho hufa haraka. Matone ya kushusha presha peke yake hapo hayafui dafu. Kuanzia mwaka 2006 madaktari walianza kuripoti kwamba sindano ya bevacizumab, dawa inayozuia VEGF, huifanya mishipa hiyo inywee ndani ya siku chache, na hivyo kupata nafasi ya kuichoma retina kwa leza. Katika aina hii ya glakoma, anayefuata namba ya presha anashughulika na mwisho wa mlolongo wakati mwanzo wake unajulikana kwa jina.

Litabaki jibu la mwisho, linalosemwa kwa sauti ya huruma: haya ni mambo ya nchi tajiri, sisi tuna uhaba wa madaktari na vifaa, tuwape watu ujumbe mwepesi. Nalikataa. Ujumbe mwepesi ulio na kosa una gharama, na analipa maskini. Mwenye 16 kwenye kadi anaambiwa aende, naye anarudi miaka kadhaa baadaye akijigonga kwenye milango. Aliyeshushiwa kutoka 28 hadi 18 anadhani amepona, chupa ya matone ikiisha hanunui nyingine. Huyo hakuwa mkaidi. Alifuata alichofundishwa.

Na si kweli kwamba kufikiria zaidi ya namba ni anasa. Pale KCMC, Moshi, jaribio lililochapishwa mwaka 2021 lililinganisha matone ya timolol na leza ya kutibu chujio. Baada ya mwaka mmoja, leza ilifanikiwa kwa asilimia 61 ya macho, timolol kwa asilimia 31. Timolol hupunguza maji yanayotengenezwa, haigusi chujio. Leza inakwenda palepale kwenye chujio, mahali ambapo TGF-beta 2 hufanya kazi yake. Jaribio hilo limefanyika hapa Tanzania, kwa wagonjwa wa hapa, na matokeo yake yanawafaa watu ambao hawana fedha ya matone ya kila mwezi.

Wala nisieleweke kwamba natangaza kipimo kipya cha mtaani. Hakuna kliniki inayopaswa kukuchoma sindano ya jicho ili ijue kama una glakoma, na anayekuuzia vidonge vya "kusafisha maji ya macho" ni mwamba ngoma anayevutia ngozi kwake. Hata vitamini B3, iliyokinga neva za panya mwaka 2017, bado inaendelea kujaribiwa kwa binadamu. Kwa dozi kubwa inaweza kudhuru ini, na si ya kujinunulia.

Ninachodai ni vitu vinavyowezekana kesho. Kambi ya macho isimruhusu mtu wa miaka 40 na kuendelea aondoke na neno "huna shida" kabla ya mtu kumulika nyuma ya jicho na kuitazama neva. Kifaa cha kumulika ni cha mkononi, na kimekuwepo tangu Helmholtz alipokibuni mwaka 1851. Kila mgonjwa aulizwe kama baba, mama au ndugu wa tumbo moja alipofuka taratibu. Aliyeanza dawa apimwe uwanja wa kuona, asipimwe presha peke yake. Na hospitali zetu za rufaa, zinazowapasua wagonjwa wa glakoma kila mwaka, ziombe ridhaa yao na kuyahifadhi yale maji machache yanayovutwa kabla jicho halijafunguliwa. Ule uchunguzi wa Baltimore ulikuta ugonjwa huu kwa weusi mara nne hadi tano kuliko kwa weupe, ilhali matokeo niliyoyataja ya maji ya jicho yametoka Ulaya na Amerika. Kwa nini chujio la Mwafrika ligome mapema zaidi? Jibu lake halitapatikana kwa kuendelea kuandika 16 na 17 kwenye kadi.

Hadi hapo, msomaji, ukiambiwa presha yako nzuri, shukuru, kisha uliza swali moja kabla hujanyanyuka kwenye kiti: na neva yangu umeitazama?